Gor Mahia na msimu wa usajili: kabla ya kuuliza nani anakuja, uliza haya

Ligi ikimalizika, mpira hupumzika lakini midomo haipumziki. Kuanzia baraza zetu za kahawa hapa Mombasa mpaka ufuo wa Luanda Kotieno kule Ziwa Victoria, mashabiki wa Gor Mahia huwa na swali moja tu: nani anakuja? Huyu ataka mshambulizi kutoka Ghana, yule asema kiungo wa Uganda yuatosha, na wa tatu ameshapanga kikosi kizima na kumfukuza kocha kabla kikombe chake hakijapoa.

Si vibaya kubishana. Klabu ya jamii huishi kwa sababu watu wake huizungumza. Lakini wahenga wetu wa pwani walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Timu inayoelea mwezi wa Desemba iliundwa mwezi wa Juni na Julai, na uundaji huo una kanuni zake, hesabu zake na madeni yake. Makala haya ni mwongozo kwa shabiki atakaye kubishana kwa hoja: usajili huendeshwaje, kikosi huzungushwaje, na kwa nini jina la mchezaji mpya lafaa kuwa swali la mwisho badala ya kuwa la kwanza.

Luanda Kotieno ni wapi?

Tuanze na mahali, maana wengi huchanganya. Kuna Luanda mji mkuu wa Angola, kuna Luanda ya kaunti ya Vihiga kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, na kuna hii yetu ya leo, Luanda Kotieno, katika rasi ya Uyoma, eneo bunge la Rarieda, kaunti ya Siaya. Neno lenyewe kwa Kijaluo ni mwamba. Ni ufuo wa kushushia samaki na pia bandari ya feri: gari na abiria huvuka hapo kwenda Mbita, upande wa kaunti ya Homa Bay, na kuepuka safari ndefu ya kuzunguka Ghuba ya Winam kwa barabara kupitia Kisumu.

Upande huo wa pili wa ghuba ndiko lilikotoka jina la klabu. Gor Mahia alikuwa mtu wa Kanyamwa, mganga aliyesifika kwa maajabu, na "mahia" ni maajabu yenyewe. Ogalo ni jina la ukoo wake, ndiyo maana timu huitwa K'Ogalo. Klabu iliundwa mwaka 1968 na mwaka huo huo ikatwaa ubingwa wa taifa. Mwaka 1987 ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kushinda kombe la Afrika, Kombe la Washindi, ilipotoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis na 1-1 Nairobi, ikabeba kombe kwa mabao ya ugenini. Hata kijana aliyezaliwa miaka ishirini baadaye hulisimulia kombe lile kana kwamba alikuwa uwanjani.

Kwa hivyo kwa watu wa ufuo huu timu ni sehemu ya nasaba. Ndiyo maana mabishano huwa makali.

Msimu uliofungwa

Wavuvi wa Luanda Kotieno wanaelewa msimu wa mapumziko kuliko sisi sote. Uvuvi wa omena, dagaa wa ziwani, hufungwa kisheria upande wa Kenya kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai kila mwaka ili samaki wazaane. Hata nje ya miezi hiyo, omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, na wavuvi hubaki nchi kavu. Wavuvi wa dagaa wa huku kwetu hawahitaji kuelezwa hilo.

Je, siku hizo mvuvi hulala tu? Hapana. Nyavu hushonwa, mashua hupandishwa ufuoni na kuzibwa nyufa, taa hukaguliwa, na madeni ya msimu uliopita huhesabiwa. Kuna anayeacha omena kwa muda akafuata mbuta, yule ambaye Watanzania humwita sangara. Hakuna mvuvi mwenye akili anayenunua injini mpya huku mashua yavuja na mabaharia wake wanamdai.

Ligi Kuu ya Kenya, kwa kalenda ya miaka hii, huanza karibu Agosti au Septemba na kumalizika Mei au Juni. Kwa hivyo Juni na Julai, omena wamefungiwa na ligi imefungwa. Miezi hiyo ndiyo ya kushona nyavu, kwa mvuvi na kwa klabu.

Kanuni ambazo kila shabiki afaa kuzijua

Mengi yanayobishaniwa tayari yana jibu katika kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji. Haya ndiyo ya msingi:

Kwanza, madirisha ni mawili kwa mwaka. La kwanza ni refu, kati ya msimu mmoja na mwingine. La pili ni fupi, katikati ya msimu. Nje ya hapo klabu haisajili, isipokuwa kwa mambo machache kama mchezaji ambaye mkataba wake ulikwisha kabla dirisha halijafungwa.

Pili, mkataba wa mchezaji hauzidi miaka mitano, na kwa aliye chini ya miaka 18 hauzidi mitatu. Mkataba ukibaki na miezi sita au pungufu, mchezaji ana ruhusa ya kutia saini na klabu nyingine bila kumlipia yeyote ada ya uhamisho. Shabiki akilalamika kuwa nyota "ameenda bure", jambo la kuuliza ni mwaka gani klabu ilikaa kimya mkataba ukimalizika.

Tatu, mchezaji aweza kusajiliwa na vilabu vitatu katika msimu mmoja, lakini mechi rasmi atachezea viwili tu. Kwa hivyo si kila mchezaji anayeonekana "yuko huru" mwezi wa Januari anafaa kuchukuliwa.

Nne, anayetoka nchi nyingine huhitaji cheti cha kimataifa cha uhamisho, na tangu mwaka 2010 shughuli hiyo hufanywa kupitia mfumo wa kompyuta wa FIFA. Picha ya mchezaji ameshika jezi ya kijani haitoshi. Cheti kisipofika, jezi ile ni ya kupigia picha tu.

Tano, na hili ndilo zito, mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili aweza kuipa klabu notisi ya siku 15, na akikosa malipo akavunja mkataba kwa haki. Na klabu iliyoamriwa na FIFA kulipa deni ikakaidi, yaweza kuzuiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo.

Sita, kuna pesa za mshikamano. Mchezaji akiuzwa katika nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa vilabu vilivyomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Msimu mmoja wa kati ya miaka 16 na 23 huleta nusu ya asilimia moja ya ada yote. Ada ikiwa shilingi milioni 100, msimu mmoja ni shilingi laki tano. Si utajiri, lakini kwa klabu isiyo na mfadhili ni mishahara ya watu. Huitaji kuwa na mwanasheria wa Ulaya ili kuipata. Wahitaji kuwa na rekodi safi za usajili.

Waliotoka, na kilichofuata

Sasa tuangalie historia ya karibuni, maana ndiyo mwalimu.

Gor ilikaa miaka 18 bila ubingwa, tangu 1995 hadi 2013. Kuanzia hapo ikachukua mara tatu mfululizo: 2013, 2014 na 2015, na mwaka huo wa 2015, chini ya kocha Frank Nuttall, ilimaliza ligi bila kufungwa hata mechi moja. Mshambulizi kijana wa kikosi kile alikuwa Michael Olunga. Mapema mwaka 2016 akaenda Djurgården ya Sweden, na safari yake ikamfikisha Japani, ambako mwaka 2020 alifunga mabao 28 kwa Kashiwa Reysol na kutajwa mchezaji bora wa ligi. Ubingwa wa Kenya mwaka 2016 ulikwenda Tusker.

Gor ikarudi: 2017, 2018, 2018/19 na 2019/20, huo wa mwisho ukitangazwa baada ya ligi kusimamishwa kwa ajili ya korona. Tazama kilichotokea katikati. Mwaka 2018 Meddie Kagere alihamia Simba ya Dar es Salaam, na huko akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania misimu miwili mfululizo. Shabiki wa kawaida angesema Gor imekwisha. Haikwisha, kwa kuwa Jacques Tuyisenge, Mnyarwanda aliyewafunga Everton kule Dar mwezi Julai 2017, alikuwa bado yupo, na nyuma yake Francis Kahata alikuwa bado anagawa mipira.

Kisha ukaja mwaka 2019. Kahata akaenda Simba. Tuyisenge akaenda Petro, klabu ya ile Luanda nyingine, ya Angola. Mwezi Agosti mwaka huo huo SportPesa, mfadhili mkuu, akatangaza kuondoa ufadhili wake katika michezo Kenya. Mwaka 2020 beki Joash Onyango naye akaelekea Simba, na 2021 kiungo Kenneth Muguna akaenda Azam. Misimu ya 2020/21 na 2021/22 bingwa alikuwa Tusker.

Wataka kujua tofauti ya 2018 na 2021? Mara zote mbili walitoka wachezaji wazuri. Mara ya kwanza nafasi ya mfungaji aliyetoka ilikuwa na mtu na mshahara. Mara ya pili walitoka wengi, mwaka baada ya mwaka, na hazina ilikuwa imekauka. Klabu yaweza kustahimili kuondokewa na nyota. Kustahimili kuondokewa na wote pamoja na mfadhili ni jambo jingine.

Mzunguko ulijirudia. Chini ya Jonathan McKinstry Gor ilitwaa ubingwa wa 2022/23 na 2023/24. Mwaka 2024 kocha akaenda kuinoa timu ya taifa ya Gambia, na mshambulizi Benson Omala akaenda Lebanon. Msimu wa 2024/25 Kenya Police wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Hesabu ya dakika

Mabishano ya pili makali baada ya "nani anakuja" ni "nani aanze". Hapa nataka tutumie kalamu kidogo.

Ligi ya timu 18 ni mechi 34. Kila mechi dakika 90, kwa hivyo kila nafasi uwanjani ina dakika 3,060 za kujazwa. Zidisha kwa watu 11, wapata dakika 33,660. Hizo ni za ligi pekee, hujaweka Kombe la FKF wala mechi za Afrika. Swali la kikosi ni hili: dakika hizi utawagawia nani?

Chukua viungo wawili wa kati. Nafasi mbili ni dakika 6,120. Ukiwa na wawili tu, kila mmoja lazima acheze zote, asiumie, asipate kadi, asiitwe timu ya taifa. Hilo halipo duniani. Ukiwa na watatu walio sawa, kila mmoja acheza dakika 2,040, karibu mechi 23 kamili. Huyo atafika Mei akiwa na miguu. Kwa hivyo kiungo wa tatu ambaye mashabiki humwita "wa benchi" ana thamani kubwa mno. Aweza kuwa ndiye usajili bora wa mwaka, na hakuna atakayempokea uwanja wa ndege.

Mashabiki wa besiboli kule Marekani wana mabishano kama haya haya, na kwao yamekuwa elimu. Timu yao hucheza mechi 162 kwa msimu. Mrushaji wa kuanza mechi hutumia mkono kwa nguvu nyingi hata hawezi kurudi kesho yake. Hupumzika siku nne au tano. Kwa hiyo timu huwa na warushaji watano wanaopokezana zamu. Msimu wa mapumziko, mashabiki hukesha wakibishana ni nani wa nne na nani wa tano, kwa sababu wanajua wa kwanza hawezi kurusha kila siku hata akiwa malaika. Sisi hubishana juu ya wa kwanza pekee. Nyota tunamjua. Anayeshika zamu yake nyota akichoka ndiye tusiyemuuliza.

Na kuchoka kwa ligi yetu si mchezo. Kutoka Kisumu hadi Mombasa kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800. Timu iliyocheza ufukoni mwa ziwa Jumapili ikaja Mbaraki katikati ya wiki, huku kwenye joto na unyevu wetu, haiwezi kuanza na watu wale wale kumi na mmoja ikatarajia mbio zile zile. Kanuni ya sasa yaruhusu kubadilisha wachezaji watano katika mechi. Kocha mwenye benchi dhaifu huiona ruhusa hiyo haina maana.

Nafasi moja haizungushwi hivyo, nayo ni ya kipa. Mlinda lango na mabeki wake hujuana kwa sauti na kwa mazoea. Ukimbadilisha kila wiki watajifungia wenyewe. Lakini kipa wa pili lazima apewe mechi za kombe na za kirafiki, ili siku wa kwanza akiumia asiwe anaingia baridi kama mgeni harusini. Timu nyingi za Afrika Mashariki hukumbuka jambo hili dakika ya 60 ya mechi kubwa, kipa akiwa anabebwa kwa machela.

Deni ndilo dirisha la kweli

Nimefika kwenye kiini. Mwaka 2022 FIFA iliizuia Gor Mahia kusajili wachezaji, kwa sababu ya malipo ya watu waliowahi kuitumikia klabu. Mwaka 2023, Gor ikiwa bingwa wa Kenya na tiketi yake ya Ligi ya Mabingwa Afrika mkononi, ilikosa leseni ya kushiriki kwa sababu hiyo hiyo ya madeni ya mishahara. Bingwa alibaki nyumbani.

Fikiri vizuri maana yake. Miezi yote ile mashabiki walikuwa wakibishana ni mshambulizi gani aletwe kwa ajili ya Afrika. Jibu halikuwa kwenye orodha yoyote ya washambulizi. Lilikuwa kwenye faili la watu waliokwisha kuondoka, wachezaji na makocha ambao hakuna shabiki aliyekuwa akiwataja tena. Aliyeondoka bila kulipwa ndiye aliyefunga mlango wa anayetaka kuingia.

Na madhara hayaishii kwa mwaka mmoja. Mashindano ya Afrika ndiyo dirisha ambamo wachezaji wetu huonekana na vilabu vya Dar es Salaam, Cairo na Ulaya. Ukikosa kushiriki, hukosi zawadi ya CAF tu. Wakosa pia bei ya wachezaji wako. Mchezaji naye ana masikio. Akisikia kwamba mwenzake alingoja mshahara miezi, ataomba mkataba mfupi ili aweze kuondoka haraka, na mkataba mfupi ndio huo unaomtoa bure. Deni huzaa mkataba mfupi, mkataba mfupi huzaa kuondoka bure, kuondoka bure huzaa hazina tupu, na hazina tupu huzaa deni jingine.

Sisi Waislamu tumefundishwa na Mtume wetu (S.A.W.) kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Wala huhitaji kuwa Mwislamu kulielewa hilo. Ufuoni Luanda Kotieno, mwenye mashua asiyewapa mabaharia fungu lao asubuhi hukosa watu wa kwenda nao usiku. Hahitaji FIFA kumfungia.

Kwa nini hili latuhusu sisi wa pwani

Kuna msomaji atakayesema haya ni ya Wajaluo na timu yao. La. Mwaka 1965, kabla Gor haijazaliwa, bingwa wa Kenya alitoka hapa: Feisal ya Mombasa, klabu ya mitaa yetu. Leo tafuta jina hilo katika Ligi Kuu, hulioni. Wazee wachache ndio wanaolitaja.

Tuliyebaki naye katika ligi kwa miaka mingi ni Bandari, na Bandari ni timu ya Halmashauri ya Bandari Kenya. Imetupa furaha: mwaka 2018 na msimu wa 2018/19 ilimaliza ya pili nyuma ya Gor hiyo hiyo, na 2019 ikaiwakilisha Kenya katika Kombe la Shirikisho Afrika. Lakini Bandari ni timu ya mwajiri, kama ilivyo Tusker ya wauza bia, KCB ya benki, Ulinzi ya jeshi na Police ya polisi. Mshahara wao hutoka kwenye bajeti ya taasisi. Mashabiki wakijaa au wasijae, mwezi ukiisha watu watalipwa.

Timu za jamii zilizobaki na nguvu ni chache, na Gor na AFC Leopards ndizo kubwa. Hizo huishi kwa viingilio, ada za wanachama na mfadhili akipatikana. Ikiwa Gor yenye mashabiki nchi nzima yaweza kukosa leseni kwa ajili ya mishahara, basi klabu yoyote ya mtaa inayoota kupanda daraja, iwe Likoni, Malindi au Lamu, yafaa isome kisa hiki kabla haijanunua jezi. Feisal haikukosa wachezaji. Mombasa haijawahi kukosa wachezaji. Jina na sifa havitoshi kuishikilia klabu. Hushikiliwa na utaratibu.

Maswali matano ya kupeleka barazani

Basi dirisha likifunguliwa, shabiki wa kweli na aanze na haya, kwa utaratibu huu.

La kwanza: nani anadai? Wachezaji na makocha walioondoka wamelipwa wote, na kama bado, kuna makubaliano ya maandishi ya kulipa kidogo kidogo? Bila jibu hapa, mengine yote ni porojo.

La pili: mikataba ya nani inakwisha ndani ya mwaka mmoja? Kumwongezea mkataba aliye nyumbani ni usajili, tena mara nyingi ndio wa bei nafuu.

La tatu: dakika za waliotoka zitajazwa na nani? Usiseme "tumempoteza mshambulizi, tulete mshambulizi". Sema "tumepoteza dakika 2,500, zitagawanywaje?" Pengine nusu yake yapo kwenye miguu ya kijana wa timu ya vijana.

La nne: nyuma ya kila mtu wa kwanza, wa pili ni nani, na alicheza mechi ngapi msimu uliopita? Ukikuta nafasi ambayo wa pili hakucheza kabisa, hapo ndipo mashua inapovuja.

La tano, na liwe la mwisho: nani anakuja? Likifika hapa, majina yenyewe yatakuwa yamepungua, maana utajua ni nafasi gani na kwa pesa zipi.

Na kuna swali la sita ambalo ni la kujiuliza mwenyewe. Je, mimi ni shabiki au ni mwanachama? Shabiki hupiga kelele; mwanachama hulipa ada, huhudhuria mkutano mkuu, huomba kusomewa hesabu na hupiga kura. Klabu ya wanachama haiwezi kumficha mwanachama aliyesimama mkutanoni akauliza deni ni kiasi gani. Yaweza kumpuuza mtu elfu moja wanaobishana mtaani kila mmoja kivyake.

Omena wakifunguliwa mwezi Agosti, mashua za Luanda Kotieno zitaingia majini usiku wa giza wa kwanza. Zile zilizoshonwa nyavu na kulipa mabaharia zitarudi na samaki. Ligi nayo itakuwa karibu kuanza, na haitajali ni nani alishinda mabishano ya Julai.